Mulamula Haukauki

Kashai, Bukoba
6 Septemba 2024

Dada yangu Ephrasia,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Wilbert, dereva wa gari la huko kwenu, na kwenye mfuko kuna sukari, sabuni na miwani yako niliyoipeleka kuwekwa mkono mpya. Violeth, jirani yangu hapa, ananicheka kwamba watu wazima wawili wa mkoa mmoja tunaandikiana barua kama wachumba wa zamani. Nimemwambia masikio yako yamefunga duka, na simu yako ya kubofya huijui hata inapozimwa. Ukweli ni kwamba sijachukia. Kwenye simu husema lolote linalonijia mdomoni.

Nina jambo la kukuuliza. Unamkumbuka Ingrid, wifi yangu, dada wa marehemu Reinhold. Ndiye yule aliyekuja na kofia pana akala ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa kisu na uma. Amefikisha miaka themanini na moja, na amelipia chumba katika meli ya kuzunguka dunia. Inatoka Hamburg Januari na kurudi Mei. Chumba kina vitanda viwili na kimoja hakina mtu. Ananitaka mimi. Anasema akienda na Mjerumani mwenzake watagombana kabla hawajafika Ureno.

Miezi minne na zaidi juu ya maji, Dada. Kila ninayemuuliza hapa Kashai ananiambia nenda, bahati hiyo haiji mara mbili. Lakini wao wanaona picha za meli tu. Mimi nina miaka sitini na minane, nimeuguza wagonjwa Hamburg tangu nikiwa msichana, na tangu nirudi nyumbani baada ya kustaafu nakaa katika vyumba hivi viwili vya kupanga, asubuhi moja inafanana na nyingine. Labda ndiyo wakati wa kwenda. Labda ndiyo wakati wa kutulia. Ingrid anataka jibu kabla ya katikati ya Novemba.

Wewe unanijua tangu sijaota meno. Niambie, safari hii inanifaa?

Na ule mti wangu wa mulamula, niliopanda nyuma ya kaburi la Mama baada ya misa ya Julai, umeshashika?

Mdogo wako,
Joviana


Kamachumu, Muleba
19 Septemba 2024

Mdogo wangu Joviana,

Marahaba, waitu. Miwani imenikaa vizuri, sasa namwona hata mbuzi wa jirani yetu Benigna akiingia kwenye maharage yangu, jambo ambalo afadhali nisingeliona.

Nimesoma barua yako mara kadhaa. Meli. Wewe uliyepanda mtumbwi wa injini kwenda kisiwa cha Goziba kumtembelea kaka yetu Protase, Mungu amrehemu, ukatapika mpaka wavuvi wakakupa kitambaa ujifunike uso. Na sisi wa ziwa hili, tangu msiba ule wa meli wa mwaka tisini na sita, hatuhitaji mtu atueleze maji ni nini. Lakini sitaki kukujibu kwa hofu. Nitakujibu kama mwalimu.

Kwanza, huyo Ingrid unamvumilia muda gani? Ndoa huvunjika kwa watu wasiokaa chumba kimoja hata nusu ya muda huo. Anakoroma? Pili, mkifika miji hiyo mtashuka mkae, au mtashuka mnunue kofia na kurudi? Tatu, ukiugua katikati ya bahari, nani anakuhudumia wewe uliyehudumia wengine maisha yote? Nne, utakula nini? Mtu anaweza kuzunguka dunia nzima akakosa ndizi moja iliyopikwa sawasawa.

Halafu kitanda. Waambie wakupe kile cha ukutani. Umesahau ulivyolala kati yangu na Mama, na usiku ule nilipokunyang'anya katikati ukajikuta ukingoni, ukaanguka ukapasua kidevu. Kovu lako bado lipo, jitazame kwenye kioo. Wewe si mtu wa kulala ukingoni.

Na mimi niliyefundisha Jiografia watoto wa wilaya hii mpaka chaki ikaniingia kifuani, nakukumbusha: ukizunguka dunia kwa kuelekea magharibi, katikati ya Pasifiki watakunyang'anya siku moja. Unalala leo, unaamka keshokutwa. Darasani walikuwa wananiuliza, hiyo siku inakwenda wapi, Mwalimu? Nilikuwa nawaambia wakae chini. Basi chagua siku isiyo na kazi.

Huku kuzuri. Datius anapalilia kibanja, shamba letu la ukoo, kama marehemu baba yake Protase, hana mchezo na kazi. Kahawa imebeba. Miguu yangu inavimba kidogo jioni, asubuhi inarudi, kwa hiyo si kitu.

Dada yako,
Ephrasia


Kashai, Bukoba
11 Oktoba 2024

Dada yangu Ephrasia,

Shikamoo. Kwanza miguu. Kuvimba jioni si "si kitu". Nenda hospitali wakupime presha na moyo, punguza chumvi, na ukikaa iinue juu ya kigoda. Ukikataa nitakuja na Wilbert nikubebe mgongoni.

Sasa nakujibu, Mwalimu. Ingrid anakoroma, lakini nina vizibo vya masikio. Tunashuka katika miji mingi, tunakaa kutwa, jioni tunarudi. Kwa hiyo ndiyo, ni kofia tu. Melini yupo daktari na chumba cha wagonjwa. Kuna maktaba, muziki, ibada ya Jumapili, na chakula kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane. Ndizi sijaona. Wengi wa abiria ni watu wa umri wetu. Ingrid anasema wako waliouza nyumba zao, wakishuka meli moja wanapanda nyingine.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Nitakuambia lile ambalo sijamwambia mtu.

Unajua Reinhold alikuwa baharia, na alitaka majivu yake yamwagwe baharini. Tulikwenda na mashua ndogo, nikamwaga mwenyewe. Sina kaburi lake. Sina mtoto. Kwetu mwanamke huzikwa kwa mumewe, na asiye na mume huzikwa kwa baba yake. Mimi nilikuwa na mume, ila hakuwa na udongo. Nilipostaafu ningeweza kubaki kule. Nilirudi kwa sababu sikutaka kulazwa katika makaburi ya kukodi, ambayo muda ukiisha na hakuna wa kulipia wanamweka mtu mwingine. Nimewaona wakifanya hivyo.

Ndiyo sababu nilipanda ule mulamula. Nilisema ni kumbukumbu ya Mama, na ni kweli, lakini nilikuwa pia naweka alama ya mahali ambapo siku moja ningependa kulala. Sitaki shamba. Sitaki mgomba hata mmoja wa Datius. Nataka tu kujua kwamba mahali hapo papo.

Unaona sasa swali langu. Mtu mwenye pa kurudi anaweza kupanda meli akaifurahia, au akaacha kuipanda wala asijute. Asiye na pa kurudi, meli inakuwa nyumba yake. Ukiniambia pangu papo, nadhani nitamwandikia Ingrid kwamba siendi. Nitahamia huko karibu na wewe, tugombane juu ya chumvi mpaka tuzeeke vizuri.

Hukunijibu kuhusu mti. Umeshika?

Joviana


Kamachumu, Muleba
7 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Nisamehe nimechelewa. Ni kazi za msimu. Pamoja na barua hii nakutumia senene, nimezikaanga mwenyewe, nimekutolea mabawa yote kwa sababu najua unavyodeka.

Kuhusu mti, ulikauka. Jua la mwezi wa nane lilikuwa kali sana, na sikuwahi kuumwagilia maji. Usiuwazie sana.

Kuhusu safari, nimefikiri sana, naona uende. Umefanya kazi maisha yako yote. Ni nani katika ukoo wetu aliyewahi kuiona dunia? Mimi niliionyesha kwa rula kwenye ramani iliyopasuka katikati, Afrika huku, Brazili kule. Nenda ukaione kwa niaba yangu. Hayo mengine tutayazungumza ukirudi, hayana haraka, wewe bado kijana.

Miguu ipo. Hospitali nitakwenda.

Dada yako,
Ephrasia


Kashai, Bukoba
22 Novemba 2024

Dada Ephrasia,

Shikamoo.

Mulamula haukauki. Mtoto yeyote wa Kihaya anajua. Unakata fimbo yake, unaisahau nyuma ya nyumba kiangazi kizima, na siku ukiikumbuka unakuta imechipua. Ule nilioupanda nilikuwa nimeukata kwenye ua wa Benigna, ukiwa mbichi, mvua imetoka kunyesha. Haukukauka. Uling'olewa.

Ungeniambia tu hapana. Ningelia siku mbili, yangekwisha. Nilikuuliza kama pangu papo, ukanijibu niende nikaione dunia. Nimeelewa.

Nimemwandikia Ingrid kwamba ninakwenda naye. Jumatatu asubuhi ninapanda ndege, Krismasi nitakuwa Hamburg. Funguo zangu anazo Violeth. Senene nilizipokea, nimempa Violeth na watoto wake.

Joviana


Kamachumu, Muleba
16 Januari 2025

Mdogo wangu Joviana,

Violeth ameniahidi kwamba barua hii ataipiga picha akutumie huko uliko. Ameniambia simu yako haipatikani. Atatuma hivyo hivyo, siku ukiiwasha utaikuta.

Barua yako ya Novemba niliisoma nimesimama mlangoni. Jumatatu nilipanda basi la kwanza, nikafika Kashai, Violeth akaniambia umeondoka alfajiri. Alinipa chai. Nililia mbele ya watoto wa watu kama mtoto mwenyewe.

Mulamula haukukauka, umesema kweli. Datius aliung'oa. Wewe umekaa Ulaya mno, mdogo wangu, ukasahau kwamba huku mulamula ndio mpaka. Anayepanda mulamula anasema, kuanzia hapa ni pangu. Wewe uliweka alama ya kaburi. Yeye aliona mpaka wa shamba. Aliniambia, kwa kuniandikia kwenye karatasi ya daftari la mtoto: Shangazi ameanza kugawa kibanja. Leo mti, kesho wakili. Akaung'oa, nami nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Nyumba hii ni ya baba yetu, lakini mrithi ni Datius, na mimi ambaye sikuolewa ninakaa humu kwa sababu tu hajasema nisikae. Kisha ukaniandikia ile barua ya Oktoba, nikajua ulikuwa unaomba nini. Nilishindwa kulala. Nikajiambia, aende akafurahi, miezi ipite, mimi nitamlainisha Datius polepole, akirudi akute yamekwisha na asijue kamwe kwamba mtoto wa kaka yetu aliung'oa mti wake. Ndiyo maana nikakuambia nenda. Joviana, sikuwa nakufukuza. Naiandika tena uisome vizuri: sikuwa nakufukuza. Usingeondoka kama ningekuwa na ujasiri wa mstari mmoja.

Sasa nikusimulie. Baada ya Epifania nilikata fimbo nyingine kwa Benigna nikaipanda palepale. Kisha nikachukua kigoda changu nikaketi pembeni yake. Datius akaja. Alisema mengi, na mikono yake ikasema zaidi. Sikusikia hata moja. Uziwi nao una siku zake. Nilimwambia aung'oe nikiwa nimeketi hapo. Akaondoka. Kesho yake nikarudi na kigoda. Mkewe Annastella akaniletea uji, akaniwekea kanga mabegani, nikajua mmoja nimempata.

Mwishowe Datius akawaita wazee wa ukoo. Mzee Mwijage ndiye aliyekuja na kalamu, akaniandikia: Unataka nini? Nikawauliza, wanasema nilipaza sauti mpaka barabarani: Mama alizaa wa kike wawili, nani kati yenu ataniambia Joviana atazikwa wapi? Nikaitazama midomo yao. Nikawaambia Mama ana nafasi pembeni yake, nafasi hiyo mlishasema ni yangu, mimi nimeamua tunagawana na mdogo wangu. Hakuna mgomba utakaokatwa. Wakazungumza mpaka jua likazama. Kisha Mzee Mwijage akaandika neno moja: Sawa. Datius alitazama chini, lakini alitikisa kichwa kukubali. Mti upo mpaka leo.

Pako papo, Joviana. Basi zunguka dunia yako kwa amani, halafu urudi nyumbani. Miguu ni mizito kidogo kwa sababu ya kile kigoda. Usinikaripie.

Dada yako,
Ephrasia


Papeete, katikati ya Pasifiki
23 Februari 2025

Dada yangu, Mwalimu wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Simu niliizima Hamburg kwa hasira. Leo Ingrid aliomba kuona picha ya Mama, nikaiwasha hapa bandarini, na barua yako ikaingia. Nimeisoma nimekaa kwenye ngazi za posta, watalii wakiniruka. Ingrid alidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimepata kaburi. Maskini hakuelewa, akanikumbatia tu.

Kukuwaza umeketi kwenye kigoda, Datius akikuhutubia wewe husikii, nimecheka na kulia kwa pamoja. Dada, mimi ndiye mjinga. Nilijua vizuri kwamba mti haukukauka, lakini sikujiuliza hata mara moja ni mkono wa nani uliong'oa. Nikakupa wewe kosa hilo kwa sababu ndiwe uliyekuwa karibu nami.

Uliniuliza mengi, nami sasa naweza kukujibu kama mtu aliyeona. Meli ni nzuri. Ni safi, watu wana adabu, na kuna asubuhi bahari inatulia kabisa mtu akasahau ana mwili. Nimeona samaki wanaoruka. Nilipita Panama, mahali ulipotuonyesha kwa rula, nikalitaja jina lako kwa sauti. Safari hii inamfaa mtu kama Ingrid, ambaye ana nyumba, na wajukuu watakaokuja kumpokea bandarini. Yupo pia mama mmoja kwenye meza yetu, aliuza kila kitu, huu ni mwaka wake wa tatu majini. Nilimuuliza, na ukifa? Akasema ghorofa ya chini wana chumba cha baridi, na keki za hapa ni nzuri sana. Wote walicheka. Mimi nilikwenda kulala mapema.

Ninashuka Auckland. Tunafika tarehe mosi Machi, kutoka hapo ni ndege mpaka nyumbani. Ingrid amekubali, amepata mwenzake wa kucheza naye karata, hanihitaji tena. Vyumba vya Kashai nitavirudisha. Mwambie Datius nitamletea shati, na nitamwamkia kwanza mimi, ingawa ni mtoto wangu.

Kuanzia leo jioni hakuna mtandao mpaka Auckland. Na ile siku yako tumeshatangaziwa: ni Jumatano. Tutalala Jumanne tuamke Alhamisi. Nimefanya ulivyonifundisha, ni siku isiyo na kazi. Waache waichukue.

Nitandikie kitanda. Wa katikati nilikuwa mimi, usijisahau.

Mdogo wako anayerudi,
Joviana


Kamachumu, Muleba
1 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Joviana,

Shikamoo Shangazi. Mimi si mwandishi kama ninyi, utanivumilia.

Shangazi Ephrasia ametutoka. Ilikuwa Jumatano tarehe ishirini na sita, mchana, baada ya chakula. Alikuwa amekaa pale kwenye mulamula na kigoda chake, Annastella alipompelekea maji akamkuta ameinama. Tulimkimbiza hospitali. Walisema ni moyo, na kwamba ulikuwa umechoka tangu zamani. Sisi tuliona miguu tu, na yeye alisema ni kigoda.

Tulikupigia tangu siku hiyo. Violeth naye alipiga, akatuma ujumbe, haukupokelewa. Wazee walisema hatujui uko bahari gani wala utafika lini, basi tukamzika jana Ijumaa, baada ya misa. Watu walijaa mpaka barabarani, wengi ni wanafunzi wake, wengine wana wajukuu. Hakuna aliyeshika jembe hapa kijijini. Wanawake bado wamelala kwenye majani sebuleni.

Barua yako ya Papeete Violeth aliichapisha, akampa Wilbert. Wilbert alifika nayo jana, tukiwa tunarudi kutoka kaburini. Sikujua la kufanya. Nimeisoma mwenyewe, Shangazi, naomba unisamehe. Halafu nikarudi nikaisoma tena pale kaburini, kwa sauti, ingawa hata alipokuwa hai asingenisikia.

Ni mimi niliyeung'oa mti wako. Nilidhani unataka kugawa kibanja. Baba alipokufa kila mtu alinijia na karatasi yake, nikajifunza kumwogopa kila anayepanda kitu. Hukunidhulumu chochote na mimi nikakutenganisha na dada yako. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo, nitalisema ukija.

Kuna jambo moja sikulielewa. Kaburi lake tulitaka kulichimba karibu na la Bibi, ndiyo desturi, na nafasi yako ingefuata upande wa nje. Lakini Shangazi alikuwa ameshatuagiza, mimi na Mzee Mwijage, tena alinishika shati akarudia kuniambia: msinizike karibu na Mama. Mimi nizikeni huku nje, muache nafasi katikati. Huyo akilala ukingoni anaanguka. Tulidhani ni uzee. Tulifanya alivyosema. Kwa hiyo nafasi yako iko kati ya Bibi na yeye. Usipoipenda tutazungumza.

Njoo nyumbani, Shangazi. Chumba chake ni chako.

Mwanao,
Datius Protase


Kamachumu, Muleba
20 Machi 2025

Dada yangu Ephrasia,

Shikamoo.

Nimeketi kwenye kigoda chako. Annastella ameniletea uji na kanga, naona ni kawaida ya mahali hapa. Nilikuandikia barua kwa sababu ulikuwa husikii. Sioni sababu ya kuacha sasa.

Ujumbe wote uliingia kwa pamoja Auckland, nikiwa kwenye foleni ya pasi, begi mkononi. Nilikuwa nimekununulia skafu. Ofisa akaniuliza nimekuja kufanya nini nchini kwake, nikamwonyesha simu, wakaniletea kiti.

Mwalimu, ile Jumatano. Nimekaa na hesabu hiyo ndani ya ndege zote. Kila mtu aliyekujua alikuwa na Jumatano hiyo. Benigna anakumbuka alikuwa anachambua maharage. Wilbert alikuwa anabadilisha tairi. Datius ataikumbuka mpaka afe. Mimi nililala Jumanne nikaamka Alhamisi, nikanywa kahawa, nikacheka na Ingrid kwamba wametuibia siku. Nikitafuta nilikuwa wapi ulipokuwa unakufa, sipati hata mahali pa kutafuta. Watoto wako walikuuliza siku hiyo inakwenda wapi, ukawaambia wakae chini. Nami nimekaa.

Datius alinipokea barabarani. Nilimwamkia kwanza kama nilivyoahidi, akapiga magoti kwenye vumbi, mwanamume mzima. Nilimwinua. Sina hasira naye, Dada, nimeitafuta nikaikosa. Mtu mmoja alimwogopa mwanamke mwenye mti, mwingine akamwogopa mtoto wa kaka yake, na wa tatu akaona fahari kubwa kuzima simu. Nimempa shati lake. Ni dogo, lakini analivaa.

Mulamula umetoa majani mapya. Nafasi ya katikati nimeiona. Sikumweleza Datius maana yake mara moja, nilimwonyesha kidevu changu tu. Baadaye nilimsimulia, akaondoka kwenda kuongea na migomba. Ulichukua ukingo, Dada. Ulikuwa na haki ya kulala karibu na Mama, umenipa mimi, na nje ukajiweka wewe.

Ingrid ameniandikia kutoka Sydney. Anasema kitanda changu bado kitupu na ninaweza kurudi, wataniunganisha Singapore. Nimemjibu kwamba nimeshafika.

Kuna jambo moja limebaki. Novemba nilikuandikia kwa hasira, nikasahau kuuliza. Papeete nilikuandikia kwa furaha, nikajaza kurasa, nikasahau tena. Muuguzi wa miaka yote ile. Basi nakuuliza sasa.

Miguu inaendeleaje?

Mdogo wako,
Joviana